Sarafu Iliyogeuka Rangi



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, ambacho kila mmoja wetu hukishika kila siku wala hakitazami, nacho ni sarafu. Twaipokea sokoni, twaitia mfukoni au twaifunga katika pindo la kanga, kisha twaitoa tena kununua chumvi. Hatuiangalii ila siku ile inapotokea kuwa na rangi isiyo yake. Siku hiyo maneno huwa mengi. Mwenye duka huigeuza-geuza, hugonga nayo meza, mwisho huirudisha akisema, "Hii ni bandia." Mtoto aliyetumwa hurudi nyumbani analia, na pengine hupigwa kwa kosa lisilo lake. Mtu mwingine akiona sarafu nyekundu imekuwa nyeupe kama fedha, hufurahi akadhani amepata bahati, akaificha chini ya mto. Na huyu wa pili, kama nitakavyoonyesha baadaye, yaweza kuwa hatarini zaidi kuliko wa kwanza.

Basi swali letu leo ni hili: sarafu ikigeuka rangi, tutajuaje sababu yake? Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Rangi nayo ni dalili. Lakini wingu moja si mvua, na rangi moja peke yake haitoshi kutoa hukumu. Hapana budi kuuliza maswali kadha wa kadha kwa taratibu, kama hakimu anavyowauliza mashahidi mmoja baada ya mwingine.

Swali la kwanza ni hili: sarafu hii imefanywa kwa madini gani? Watu wengi hudhani kwamba sarafu nyeupe ni fedha na sarafu nyekundu ni shaba, basi. Sivyo. Shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ilikuwa na fedha robo moja tu, na robo tatu zilikuwa madini mengine. Shilingi zenye mwaka 1948 na kuendelea hazikuwa na fedha hata chembe. Zilikuwa za shaba na nikeli, ingawa kwa macho zilikuwa nyeupe vilevile. Uingereza nayo peni ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na zinki na bati kidogo hata mwaka 1992. Tangu hapo ikawa ya chuma cha pua kilichovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Marekani ilibadili senti yake mwaka 1982, ikawa ya zinki iliyovikwa shaba, hata katika kila sehemu mia ya uzito wake, shaba ni sehemu mbili na nusu tu. Na sarafu ya shilingi 500 iliyotolewa Tanzania mwaka 2014 ni ya chuma kilichovikwa nikeli.

Mnaona, basi, kwamba sarafu nyingi za siku hizi ni kama mtu aliyevaa kanzu. Mwili ni kitu kimoja, na vazi ni kitu kingine. Kanzu ikichakaa, mwili huonekana, na watu husema kwamba sarafu imegeuka rangi, kumbe haikugeuka, bali imevuliwa nguo.

Ili kujua kama chini ya kanzu mna chuma, tumia sumaku. Sumaku ndogo iliyotoka katika kipaza sauti cha redio iliyoharibika yatosha. Chuma huvutwa na sumaku; shaba haivutwi, zinki haivutwi, wala fedha haivutwi. Nikeli tupu huvutwa, lakini nikeli ikichanganywa na shaba nyingi, kama ilivyokuwa katika shilingi ya mwaka 1948, haivutwi. Basi soma kwanza mwaka ulioandikwa juu ya sarafu, kisha ijaribu kwa sumaku, kisha uijaribu na nyingine ya namna ile ile na ya mwaka ule ule. Usilinganishe sarafu na mawazo yako. Ilinganishe na ndugu zake.

Swali la pili: rangi ile iko wapi? Je, iko pande zote mbili, au upande mmoja? Iko katika sehemu zilizoinuka, kama vile shavu la picha na vichwa vya herufi, au imejificha katika mabonde yaliyo baina ya herufi? Au iko ukingoni tu? Swali hili lina faida kubwa. Kitu kinachoondolewa kwa kusuguliwa huondoka kwanza juu ya vilima. Kitu kinachoongezeka kwa unyevu na uchafu hukaa kwanza katika mabonde. Sarafu iliyolala ardhini miaka mingi aghalabu huwa na rangi moja upande wa juu na rangi nyingine upande wa chini. Na ukiona mstari mweusi ulionyoka, umekata sarafu kutoka ukingo hata ukingo, fikiri juu ya mpira wa kufungia, maana katika mpira mna salfa, nayo huiunguza shaba na fedha ikaacha alama nyeusi.

Swali la tatu: je, kitu kimeongezwa, au kimepungua? Rangi ya kuchorea, lami, mafuta ya magurudumu, na dawa ya kutilia nguo rangi, hivi vyote hukaa juu ya sarafu wala haviingii ndani. Ukuta ukipakwa chokaa haugeuki kuwa chokaa. Lakini siki, ndimu, jasho na maji ya chumvi hula madini yenyewe. Uso wa sarafu iliyoliwa huwa na vishimo vidogo, herufi zake hufifia, na uzito wake hupungua.

Swali la nne: sarafu hii ilikuwa wapi? Ilikuwa katika moto, katika udongo, katika mfuko wa ngozi, chini ya bahari, au katika karakana ya fundi? Aghalabu mwenyewe hajui, kwa maana sarafu ni msafiri asiyeeleza safari zake. Lakini ikiwa yuko mtu ajuaye, neno lake moja litakuokoa na kazi nyingi.

Sasa tuzitazame rangi zenyewe, na sababu zake, moja moja.

Tuanze na weusi. Shaba mpya hung'aa kama uso wa embe lililoiva. Ikikaa katika hewa, oksijeni iliyomo hewani huungana nayo polepole, ikawa rangi ya kahawia. Hii si kasoro. Ni uzee wa heshima. Lakini sarafu ya shaba ikiangukia motoni, oksijeni huungana nayo kwa haraka, na ngozi nyeusi hufanyika juu yake. Kabla ya kuwa nyeusi kabisa, huonyesha rangi za upinde wa mvua: manjano, waridi, urujuani na samawati. Rangi hizo hazikupakwa na mtu. Ni ngozi nyembamba mno juu ya madini, na mwanga ukiipiga huchezacheza, sawa na vile tuonavyo tone la mafuta likitandaa juu ya maji barabarani. Kwa hiyo mtu akikuonyesha sarafu yenye rangi za tausi, akakuambia kwamba ni ya ajabu na thamani yake ni ng'ombe mzima, mwulize kama haikupita jikoni.

Fedha nayo huwa nyeusi, lakini kwa sababu nyingine. Adui wa fedha ni salfa, ile ambayo wazee waliiita kibiriti. Salfa imo katika kiini cha yai, imo katika sufi ya kondoo, imo katika mpira, na hutoka katika matope ya mikoko na katika moshi wa makaa ya mawe. Shilingi ya zamani yenye robo ya fedha ikikaa pamoja na vitu hivi huanza kuwa ya manjano kidogo, kisha kahawia, mwisho nyeusi kama masizi. Haikuwa bandia kwa hayo. Hata mkufu wa fedha wa bibi harusi hupatwa na jambo lile lile.

Rangi ya pili ni ya majani. Shaba ikikutana na jasho, siki au chumvi, pamoja na hewa na unyevu, huota kutu ya rangi ya majani au ya samawati. Wanafunzi wanaweza kuifanya kutu hii wenyewe: weka senti ya shaba juu ya kitambaa kilicholowa siki na chumvi kidogo, uifunike kwa bakuli, uingoje siku chache. Kutu hii haifai kuingia tumboni, kwa hiyo senti hizo zisiwekwe katika chombo cha chakula. Na desturi ya kushika sarafu kwa meno au kuiweka mdomoni wakati wa kuhesabu, ambayo wengi wetu tunayo na watoto huiga, ni mbaya. Sarafu imepita katika mikono mingi kuliko tuwezavyo kuhesabu.

Rangi ya tatu ni nyekundu. Hapa yafaa kuwa na akili, maana wekundu ni wa namna mbili. Wekundu wa tope, unaotoka ukingoni na kuacha unga katika kidole, ni kutu ya chuma. Ijaribu kwa sumaku nawe utaona. Lakini wekundu laini wa waridi juu ya sarafu ya manjano, ambao hauachi unga, una maana nyingine. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ikikaa katika maji ya chumvi au katika kitu kichungu kama ndimu, zinki huliwa kwanza, na shaba nyekundu hubaki. Rafiki mmoja ameondoka, na aliyebaki huonekana katika rangi yake mwenyewe.

Rangi ya nne ni ya dhahabu, nayo imewaponza wengi. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa sarafu mpya ya senti tano, nyeupe, ya shaba na nikeli. Nyuma yake palikuwa na tarakimu ya tano ya Kirumi tu. Neno la senti halikuandikwa. Upana wake ulikuwa karibu sawa na upana wa sarafu ya dhahabu ya dola tano. Wajanja wakaona mlango. Walizivika sarafu zile dhahabu nyembamba, wakazitoa madukani, na mwenye duka aliyeona rangi ya dhahabu na tarakimu ya tano alidhani amepewa dola tano. Serikali iliongeza neno la senti mwaka ule ule. Lakini mwenye duka aliyekuwa na mizani hakudanganyika. Sarafu ya senti tano ilikuwa na uzito wa gramu 5, na ya dhahabu zaidi ya gramu 8. Macho hudanganywa kwa rangi, bali mizani haina macho.

Hila nyingine ya nchi ile ile yafaa kutajwa. Mwaka 1943, kwa sababu shaba ilihitajiwa vitani, senti za Marekani zilifanywa kwa chuma kilichovikwa zinki, zikawa nyeupe. Senti chache mno za mwaka ule zilipigwa kwa shaba kwa bahati mbaya, na hizo leo ni za thamani kubwa sana. Basi watu wenye tamaa walichukua zile za chuma wakazivika shaba, wakaziuza kwa wajinga kana kwamba ni zile chache. Tena sumaku ndiyo iliyotoa hukumu: ya shaba haivutwi, na ya chuma huvutwa hata ikivaa kanzu gani.

Sasa nafika katika rangi ya tano, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nichague maneno haya. Ni weupe. Nasema juu ya sarafu nyekundu au ya manjano ambayo imegeuka nyeupe, yote au sehemu yake, ikafanana na fedha.

Ziko sababu nne zinazotokea mara nyingi, na kila moja ina alama zake.

Ya kwanza ni kuchakaa. Sarafu ya chuma iliyovikwa shaba au shaba ya manjano, kanzu yake ikitoboka, hutoa weupe wa kijivu. Weupe huu uko juu ya vilima: katika shavu, katika vichwa vya herufi, katika ukingo. Mabonde hubaki na rangi ya kwanza. Sumaku huivuta, na mara nyingi madoa ya kutu yako karibu. Sarafu hii ni halali wala haina neno.

Ya pili ni lihamu, ile ambayo mafundi wa redio na wa masufuria hutumia kuunganishia. Tone la lihamu likianguka juu ya sarafu hukaa kama uvimbe. Lina ukingo unaoonekana, limefunika maandishi badala ya kuyafuata, na liko mahali pamoja tu.

Ya tatu ni somo la shuleni. Walimu wa kemia wana mchezo mmoja mzuri. Huchukua sarafu ya shaba, huiweka pamoja na zinki katika maji ya moto yenye magadi makali, na sarafu huvikwa zinki ikawa nyeupe. Kisha huipasha moto kidogo, zinki na shaba huchanganyika, na sarafu huwa ya manjano kama dhahabu. Hii ndiyo shaba ya manjano, si dhahabu. Magadi yale huunguza ngozi na macho, kwa hiyo ni kazi ya mwalimu, si ya mtoto peke yake. Weupe wa namna hii huenea sawasawa pande zote mbili, hata katika mabonde, na mwenye sarafu aghalabu hujua ilikotoka.

Ya nne ni zebaki.

Zebaki ni madini ya ajabu. Yenyewe ni maji wakati madini mengine ni magumu. Nayo ni nzito mno: chupa ya lita moja ikijazwa zebaki ina uzito wa kilo kumi na tatu na nusu kwa kadiri. Tena ina tabia ya kuyashika madini mengine na kuungana nayo. Huishika dhahabu, huishika fedha, huishika shaba na zinki. Chuma haikishiki kwa urahisi, ndiyo sababu zebaki huweza kuwekwa katika chupa za chuma. Ikigusa sarafu ya shaba, hutambaa juu yake na kuifanya ing'ae kama kioo, hata ndani ya mabonde ya herufi. Aliyeishika bila kujua huona kwamba inateleza, na kidole chake huchafuka kijivu. Baada ya siku nyingi mng'ao hupungua, ikawa na rangi ya majivu.

Mtu atauliza, zebaki itafikaje katika mfuko wa mtu wa kijijini? Njia ziko. Katika vipimajoto vya kioo vya zamani mna zebaki, na kipimajoto kikivunjika, watoto huchezea vitone vile vinavyokimbia mezani kama shanga. Lakini njia kubwa ni dhahabu. Katika nchi za Geita na Chunya huko Tanzania, na Migori huko Kenya, na mahali pengine pengi, wachimbaji wadogo husaga mawe, huchanganya unga wake na maji na zebaki, na zebaki hukusanya chembe za dhahabu. Kisha huikamua katika kitambaa, na donge linalobaki hulichoma moto. Zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki.

Huondoka, nasema, lakini huenda wapi? Huenda katika hewa, na kutoka hewani huingia katika mapafu ya yule anayechoma, na ya mke wake aketiye karibu, na ya mtoto aliye mgongoni. Mvuke huo hauonekani wala hauna harufu. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, polepole, katika chumba chenye joto la kawaida. Huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea, mtu mpole huwa mwenye hasira bila sababu. Na mtoto aliye tumboni hudhurika kabla ya kuzaliwa.

Ikiingia majini yaweza kugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ambayo huingia katika samaki. Dunia ililijua jambo hili kwa msiba wa Minamata, mji wa pwani huko Japani. Kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki katika ghuba, watu wakala samaki wa ghuba ile, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Ndiyo maana mapatano ya mataifa ya kupunguza matumizi ya zebaki, yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, yaliitwa kwa jina la mji huo.

Sasa fikirini. Mchimbaji anarudi nyumbani jioni. Amenawa uso, amekula, amelala. Mfukoni mwake mna sarafu tatu: moja ya manjano, imekuwa nyeupe inayong'aa; na mbili za chuma kilichovikwa nikeli, ambazo hazikubadilika, kwa kuwa nikeli na chuma havishikwi upesi. Yeye huona sarafu moja ya ajabu. Lakini sarafu ile imekuja kama shahidi. Inasema kwamba zebaki imo katika mfuko ule, kwa hiyo imo katika suruali ile, na suruali imetundikwa katika chumba wanacholala watoto. Na mara nyingi shahidi wa pili yupo: pete ya dhahabu ya mama wa nyumba, ambayo imepata doa jeupe tangu alipofua nguo zile. Sarafu na pete zikitoa ushuhuda mmoja, hakuna haja ya shahidi wa tatu.

Katika jambo hili kuna kosa moja ambalo laweza kuleta madhara makubwa. Watu wetu wakitaka kuijaribu sarafu huitia motoni. Kwa zinki, moto huleta rangi ya dhahabu. Kwa shaba, huleta weusi. Lakini kwa zebaki, moto hutoa mvuke wa sumu mbele ya pua ya mwenye kujaribu, naye atasema kwa furaha kwamba sarafu imerudi rangi yake, asijue kwamba sumu imetoka katika sarafu ikaingia kifuani mwake. Basi liwe neno la kushika: sarafu nyekundu au ya manjano iliyogeuka nyeupe isitiwe motoni kamwe. Na pete yenye doa jeupe isipelekwe kwa sonara bila kumwambia sababu, maana kazi yake ni ya moto, naye hukaa karibu na jiko lake.

Itakuwaje, basi, mtu akipata sarafu ya namna hii? Asiisugue. Asiweke mdomoni. Aitie katika chupa yenye kifuniko kinachobana, anawe mikono kwa sabuni na maji, na chupa akaiweke mbali na watoto, kisha ampelekee habari bwana afya au daktari. Ikiwa vitone vya zebaki vimeanguka sakafuni, asivifagie kwa ufagio, maana ufagio huvikata vitone vikubwa kuwa vidogo visivyoonekana. Afungue madirisha, awatoe watoto, avikusanye kwa vipande viwili vya karatasi ngumu na kuvitia katika chupa. Na mchimbaji avue nguo za kazi kazini, zisiingie nyumbani wala zisifuliwe katika beseni moja na nguo za mtoto. Ajifunze pia kutumia kile chombo kilichofungwa ambacho hukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Chombo hiki hulinda mapafu, na tena huokoa fedha, kwa kuwa zebaki hununuliwa. Na bora kuliko yote ni njia za kupata dhahabu bila zebaki, kwa kuosha na kupepeta kwa uzito.

Kabla sijamaliza nina neno kwa wenye sarafu za zamani. Wengi wana senti zenye tundu, au pesa za shaba za Zanzibar za wakati wa Sayyid Barghash, ambazo babu waliziacha. Zimekuwa za kahawia au nyeusi, na vijana hutaka kuzing'arisha kwa majivu na ndimu. Msifanye hivyo. Ngozi ile ya uzee hulinda shaba iliyo chini yake, na wakusanyaji wa sarafu huithamini. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani, na haiwezi kurudishiwa umri wake.

Na kwa wenye maduka nasema hivi. Sarafu yenye rangi ngeni ikiletwa, msikimbilie kumwita mtu mwongo. Itazameni na mwaka wake, ijaribuni kwa sumaku, ilinganisheni na nyingine, ipimeni kama mna mizani ndogo. Nyingi katika hizo ni halali, zimepita tu katika moto, au jasho, au matope. Ikiwa bado mna shaka, itakwenda benki, huko wanazo njia za kuitambua. Kumwonea mtoto kwa ajili ya senti iliyoungua ni hasara kubwa kuliko senti yenyewe.

Maneno yetu kwa ufupi ni haya. Jua madini ya sarafu. Tazama mahali rangi ilipo. Uliza kama kitu kimeongezwa au kimepungua. Uliza ilikotoka. Weusi, kijani na wekundu aghalabu ni habari za moto, jasho na kutu. Rangi ya dhahabu ni habari ya mizani. Bali weupe unaong'aa juu ya shaba ni habari ya kuangaliwa upesi, na moto usikaribishwe.

Ikiwa miongoni mwenu yuko mwenye sarafu ya namna hiyo mfukoni sasa hivi, na ikiwa kazi yake au ya mumewe au ya mwanawe ni ya dhahabu, asingoje kesho. Na awatazame watoto wake mikono, kama haitetemeki.